Shule za siasa: Jinsi wahafidhina wa Marekani wanavyowanoa vijana wao

MNAMO Septemba 1960, vijana wapatao 90 walikusanyika nyumbani kwa jamaa ya mwandishi William F. Buckley katika mji mdogo wa Sharon, jimbo la Connecticut, Marekani. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Hawakuwa na chama chao, hawakuwa na fedha za kutajika, na vigogo wa siasa wa wakati huo hawakuwa na habari nao.

Walipotawanyika, walikuwa wameunda shirika la Young Americans for Freedom (YAF) na kupitisha waraka mfupi uliotungwa na mwanahabari M. Stanton Evans, ambaye alikuwa na umri wa miaka 26. Waraka huo, ujulikanao kama Azimio la Sharon, ulitetea uhuru wa mtu binafsi, soko huria na serikali yenye mamlaka yenye mipaka, na ukapinga ukomunisti bila kuuma maneno.

Zaidi ya miaka 60 baadaye, mkutano huo hutajwa kuwa chimbuko la mtandao mkubwa wa shule, warsha, makongamano na nafasi za uanagenzi. Mtandao huo humpokea kijana akiwa bado shule ya upili au chuoni, na mara nyingi humfikisha katika afisi za wabunge, ikulu, mahakama au vyumba vya habari.

Wapo wanaoupenda na wapo wanaouchukia. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana kwamba ni vigumu kuielewa siasa ya Marekani ya leo bila kufahamu jinsi vijana hawa wanavyosajiliwa, wanavyofunzwa na anayegharamia mafunzo yao.

Maana ya mhafidhina

Kwa kawaida, mhafidhina ni mtu anayetaka kuhifadhi desturi na mambo ya kale. Nchini Marekani neno hili lina maana pana zaidi. Huwajumuisha watu wanaotaka kodi ndogo na biashara isiyoingiliwa na serikali, waumini wanaopinga uavyaji mimba, pamoja na wale wanaotaka taifa lenye jeshi la kuogopwa.

Makundi haya hayaelewani kila mara. Mfanyabiashara anayetetea soko huria huenda asijishughulishe na masuala ya dini. Naye muumini huenda asione ubaya wowote serikali ikitumia sheria kulinda maadili. Tangu Donald Trump aingie katika ulingo wa siasa mwaka wa 2015, mizozo mingine imezuka kuhusu ushuru wa bidhaa za kigeni, uhamiaji na vita vya ng'ambo.

Mafunzo ya vijana yamekuwa mojawapo ya mambo yanayoyaunganisha makundi hayo. Kijana wa kundi hili na wa kundi lile huketi darasa moja, hujifunza kuhesabu kura kwa njia ile ile, na hutoka wakijuana kwa majina. Miaka 20 baadaye, mmoja akiwa mbunge na mwingine mhariri, bado wana nambari za simu za wenzao.

Pigo la 1964

Machi 1962, YAF iliandaa mkutano katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York na kuwavutia watu wapatao 18,000. Aliyesubiriwa kwa hamu siku hiyo ni Seneta Barry Goldwater wa Arizona. Vijana walitoka ukumbini wakiamini kwamba zamu yao imefika.

Miaka miwili baadaye, Goldwater alipeperusha bendera ya chama cha Republican katika uchaguzi wa urais dhidi ya Lyndon Johnson. Alibwagwa vibaya. Kati ya majimbo 50, alishinda 6 pekee.

Vijana wengi walivunjika moyo. Wachache waliamua kuketi na kujiuliza ni wapi walikosea, kwani ukumbi uliofurika haukuwa umeleta kura.

Mmoja wao alikuwa Richard Viguerie, aliyewahi kuwa katibu mtendaji wa YAF. Sheria ilitaka majina ya waliochangia kampeni yawekwe wazi kwa umma katika afisi ya karani wa Baraza la Wawakilishi jijini Washington. Viguerie alikwenda huko na kuanza kunakili kwa mkono majina na anwani za waliomchangia Goldwater. Alipata zaidi ya 12,000. Kwa orodha hiyo alianzisha mwaka wa 1965 biashara ya kuchangisha fedha kwa barua, na katika miaka iliyofuata barua hizo ziliyapa mashirika mengi ya kihafidhina uhai.

Mwingine ni Morton Blackwell. Akiwa na umri wa miaka 24, alikuwa ndiye mchanga zaidi miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa kumuunga mkono Goldwater katika kongamano la Republican la 1964 jijini San Francisco. Blackwell aliondoka na funzo ambalo amelirudia maisha yake yote: kuwa na msimamo sahihi hakutoshi. Kwa maoni yake, ushindi katika siasa humwendea aliye na wanaharakati wengi zaidi na wenye ujuzi zaidi. Mtu anayeamini kwamba anatetea haki, asema, ana wajibu wa kujifunza jinsi ya kushinda.

Darasa la Blackwell

Mwaka wa 1979, Blackwell alianzisha Leadership Institute, taasisi yenye makao yake Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington. Mwaka uliofuata alisimamia shughuli za vijana katika kampeni ya Ronald Reagan, kisha akahudumu katika ikulu ya rais huyo kati ya 1981 na 1984 kabla ya kurejea kwenye ualimu wake.

Taasisi hiyo yasema imewafunza watu zaidi ya 200,000 tangu ianzishwe. Miongoni mwa wale ambao wamepitia mikononi mwa Blackwell ni Grover Norquist, mpinzani mkubwa wa nyongeza za kodi, Ralph Reed, aliyewahi kuongoza shirika la Christian Coalition, na Seneta Mitch McConnell wa Kentucky, aliyehudhuria mojawapo ya mafunzo yake ya awali mwaka wa 1968.

Mgeni anayetarajia kusikia hotuba kali kuhusu itikadi huenda akashangaa. Mafunzo ya msingi yaitwayo Youth Leadership School huchukua siku mbili za mwisho wa juma, kuanzia asubuhi hadi usiku, na sehemu kubwa ya muda huo hutumiwa kufunza kazi za mikono na miguu.

Kijana hufunzwa jinsi ya kuweka meza mahali ambapo wanafunzi hupita kwa wingi, na jinsi ya kumsalimu mpita njia asiyemjua. Hufunzwa kuandika jina na anwani ya kila anayeonyesha nia, na kumpa kazi ndogo ya kufanya kabla hamasa yake haijapoa. Hufunzwa kubisha nyumba hadi nyumba, kupanga wapiga kura katika makundi ya wanaounga mkono, wanaopinga na wasioamua, na kuhakikisha kwamba wale wa kundi la kwanza wamefika kituoni siku ya kura.

Kuna kozi nyingine za kuandika hotuba, kuzungumza mbele ya kamera, kuchangisha fedha, kusimamia kampeni na kutafuta kazi katika afisi za wabunge. Ada huwa ndogo, na nyingine hutolewa bila malipo, kwa kuwa wafadhili hubeba sehemu kubwa ya gharama.

Taasisi hiyo pia huwachukua wanagenzi, ambao hupewa posho na mahali pa kulala. Kwa kijana kutoka kijiji cha mbali asiye na jamaa jijini, makao hayo huenda yakawa na thamani kuliko cheti chenyewe. Kodi ya nyumba katika eneo la Washington ni ghali, na kwa miaka mingi nafasi za kujitolea bila malipo zimekuwa za watoto wa wenye uwezo.

Vitabu na magazeti

Si kila shirika hufunza mbinu za kampeni. Intercollegiate Studies Institute (ISI) lilianzishwa mwaka wa 1953 na mwandishi Frank Chodorov, huku Buckley akiwa rais wake wa kwanza. Chodorov aliamini kwamba fikra za wanafunzi wa leo ndizo sera za serikali ya kesho, na kwamba kazi hiyo huchukua miongo, si mihula.

Shirika hilo, ambalo makao yake yako Wilmington, jimbo la Delaware, huandaa semina na mihadhara ambapo wanafunzi husoma falsafa, historia na uchumi pamoja na maprofesa. Aidha, kupitia mpango uitwao Collegiate Network, husaidia magazeti ya wanafunzi wenye mwelekeo wa kihafidhina.

Magazeti ya aina hiyo yamelea majina makubwa. Dinesh D'Souza na Laura Ingraham waliwahi kuwa wahariri wa The Dartmouth Review, gazeti lililozinduliwa mwaka wa 1980. Bilionea wa teknolojia Peter Thiel aliasisi The Stanford Review akiwa mwanafunzi mwaka wa 1987.

Naye Evans, yule aliyetunga Azimio la Sharon, alianzisha mwaka wa 1977 kituo cha kuwanoa wanahabari chipukizi, National Journalism Center. Mwandishi Ann Coulter, ambaye maneno yake makali dhidi ya waliberali yanajulikana kote Marekani, alipitia hapo. Malcolm Gladwell, mwandishi wa vitabu mashuhuri ambaye hahesabiwi kuwa mhafidhina hata kidogo, pia alipitia hapo. Ni ushahidi kwamba mwalimu hupanda tu, asiweze kuamua mti utakavyoota.

Wanafunzi wa sheria

Mfano unaotajwa zaidi kuhusu subira ya wahafidhina ni ule wa Federalist Society. Mnamo Aprili 1982, wanafunzi wachache wa sheria waliandaa kongamano katika Chuo Kikuu cha Yale. Walilalamika kuwa maprofesa wao karibu wote walikuwa waliberali na kwamba maoni tofauti kuhusu Katiba hayakupewa nafasi darasani.

Maprofesa waliowaunga mkono walikuwa wachache, wakiwemo Robert Bork wa Yale na Antonin Scalia wa Chuo Kikuu cha Chicago. Miaka minne baadaye, Rais Reagan alimteua Scalia kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Shirika hilo halikufanya mambo ya ajabu. Lilifungua matawi katika vyuo vya sheria, likawaalika wasomi wa pande mbili kufanya midahalo, na likawakutanisha wanafunzi na mawakili na majaji waliokuwa na fikra kama zao. Mwanafunzi aliyehudhuria mdahalo alipata mlezi, mlezi akamsaidia kupata nafasi ya ukarani kwa jaji, na ukarani ukamfungulia milango serikalini.

Katika muhula wa kwanza wa Trump, kati ya 2017 na 2021, majaji watatu waliteuliwa katika Mahakama ya Juu: Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett. Wote walikuwa na uhusiano na Federalist Society. Mnamo Juni 2022, mahakama hiyo ilifutilia mbali uamuzi wa 1973 wa kesi ya Roe v. Wade uliokuwa umehalalisha uavyaji mimba kote nchini.

Tangu kongamano la wanafunzi hadi siku ya uamuzi huo ilikuwa miaka 40. Waliberali walikuwa wameliona jambo hilo mapema na kuunda shirika lao la American Constitution Society mwaka wa 2001, lakini walikuwa wameachwa nyuma kwa takriban miongo miwili.

Makongamano

Ikiwa warsha ni shamba, makongamano ni soko. Kongamano maarufu zaidi ni Conservative Political Action Conference, lijulikanalo kwa kifupi kama CPAC. Lilianza mwaka wa 1974 jijini Washington kwa ushirikiano wa American Conservative Union na YAF, na Reagan, wakati huo gavana wa California, alihutubia mkutano huo wa kwanza.

Wanafunzi huhudhuria kwa nauli nafuu, baadhi wakisafiri usiku kucha kwa basi. Husikiliza hotuba, lakini wenye uzoefu huwashauri watumie muda mwingi nje ya ukumbi, ambako mashirika huweka meza na kutafuta wafanyakazi na wanagenzi.

CPAC pia hupiga kura ya maoni kuhusu anayefaa kuwa rais. Mnamo 2010 na 2011, Ron Paul, mbunge wa Texas ambaye vigogo wa chama hawakumthamini, aliibuka mshindi. Siri haikuwa kubwa. Vijana waliompenda walijipanga, wakajiandikisha kwa wingi na kufika kupiga kura. Walikuwa wamefanya yale yanayofunzwa katika warsha.

Tangu hapo CPAC imevuka mipaka. Makongamano yenye jina hilo yamefanyika katika nchi kama Brazil, Japan, Australia na Hungary.

Young America's Foundation nayo huandaa kila mwaka kongamano la wanafunzi wa vyuo vikuu, na hulipa gharama za wazungumzaji wanaoalikwa vyuoni. Mwaka wa 1998, shirika hilo lilinunua Rancho del Cielo, shamba lililokuwa la Reagan katika milima iliyo karibu na Santa Barbara, California, na kulifanya mahali pa kuwafunzia vijana. Wageni huonyeshwa nyumba ndogo ambamo rais huyo aliishi na uzio alioujenga mwenyewe. Mwaka wa 2011, YAF, lile shirika la Sharon, lilijiunga nalo.

Kutoka darasani hadi jukwaani

Mwaka wa 2012, kijana wa miaka 18 kutoka viunga vya Chicago, Charlie Kirk, alianzisha Turning Point USA pamoja na Bill Montgomery, mzee aliyekuwa amestaafu. Kirk aliacha masomo ya chuo na kuzunguka nchini akitafuta wafadhili.

Mbinu yake ilikuwa tofauti na ya Blackwell. Makongamano yake, kama vile AmericaFest ambalo hufanyika Phoenix, jimbo la Arizona, yana taa, muziki na shamrashamra za tamasha. Yako pia makongamano ya wanafunzi wa shule za upili na yale ya wasichana. Kirk mwenyewe aliketi chini ya hema katika viwanja vya vyuo akimkaribisha yeyote kubishana naye, na video za mabishano hayo zikatazamwa na mamilioni ya watu.

Wafuasi wake walisema amewapa sauti wanafunzi waliokuwa wakiogopa kutoa maoni yao darasani. Wakosoaji walimlaumu kwa matamshi yake kuhusu watu weusi, Waislamu na wahamiaji, na kwa orodha ambayo shirika lake lilichapisha ya maprofesa waliodaiwa kuwaonea wahafidhina. Baadhi ya maprofesa waliotajwa humo walisema walipokea vitisho.

Mnamo Septemba 10, 2025, Kirk alipigwa risasi na kuuawa akiwa katika mojawapo ya mijadala hiyo katika Chuo Kikuu cha Utah Valley, mjini Orem. Alikuwa na umri wa miaka 31. Viongozi wa vyama vyote viwili walilaani mauaji hayo. Mjane wake, Erika Kirk, alichukua usukani wa shirika.

Kifo hicho kiliwaacha waandalizi wa mikutano ya wanafunzi, wa mrengo wa kulia na wa kushoto, na swali gumu. Mdahalo wa hadhara unahitaji uwanja ulio wazi kwa kila mtu. Uwanja ukizingirwa na walinzi na vyuma vya kukagua silaha, mwanafunzi asiye na upande, ambaye ndiye mlengwa, huenda asisimame kusikiliza.

Nani hulipa?

Mkono mtupu haulambwi. Mengi ya mashirika haya yamesajiliwa chini ya kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinachohusu mashirika ya elimu na hisani. Anayechangia hupunguziwa kodi, lakini shirika linapigwa marufuku kumpigia debe mgombeaji yeyote. Ndiyo maana baadhi huunda tawi tofauti la siasa, kama vile Turning Point Action.

Fedha hutoka kwa matajiri, wakfu za familia na maelfu ya watu wa kawaida wanaotuma michango midogo. Mfumo huu umewawezesha vijana wasio na chochote kupata mafunzo. Papo hapo, umezua shaka iwapo kijana aliyelipiwa nauli, chakula na malazi anaweza kumpinga aliyemlipia.

Mfano wa karibuni wa uzito wa mafunzo hayo ulionekana mwaka wa 2023, wakati Heritage Foundation, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka wa 1973, ilipoongoza mradi ulioitwa Project 2025. Wengi walizungumza kuhusu kitabu chake cha sera chenye kurasa takriban 900. Wachache walizingatia kwamba mradi huo ulikuwa pia na hifadhi ya majina ya watu walio tayari kuajiriwa serikalini na chuo cha kuwafunza kupitia intaneti. Waandalizi walifahamu kwamba sera bila watu wa kuitekeleza hubaki karatasini.

Doa katika malezi

Mahali ambapo vijana wenye tamaa ya vyeo hukutana na wakubwa wenye uwezo wa kuwapa vyeo hivyo, usimamizi ukilegea madhara huwa makubwa. Uingereza ilishuhudia hayo mwaka wa 2015. Tuhuma za uonevu katika kampeni za vijana wa chama cha Conservative, pamoja na kifo cha mwanaharakati mmoja kijana, zilizua kashfa kubwa. Waziri Grant Shapps, aliyewahi kuwa mwenyekiti mwenza wa chama, alijiuzulu, na tawi la vijana, Conservative Future, likasimamishwa. Lilizinduliwa upya kwa jina la Young Conservatives mwaka wa 2018.

Aibu hiyo ilikipata chama chenye historia ndefu ya kulea vijana. Ni katika kongamano lake la 1977 mjini Blackpool ambapo William Hague, mvulana wa miaka 16, alihutubia mbele ya Margaret Thatcher na kushangiliwa. Miaka 20 baadaye alikuwa kiongozi wa chama hicho.

Marekani nako, mnamo Oktoba 2025, jarida la Politico lilichapisha jumbe za simu za baadhi ya viongozi wa Young Republicans zilizojaa matusi ya kibaguzi dhidi ya watu weusi na Wayahudi. Baadhi ya waliohusika walipoteza kazi, na tawi la jimbo la New York likasimamishwa na chama.

Wahafidhina wenyewe waligawanyika. Wapo waliosema ni utani wa vijana. Wengine walisema kwamba harakati iliyowafunza vijana kushinda imesahau kuwafunza adabu, na kwamba waliokuwa wakilala na vitabu usiku wakati wa Chodorov sasa wanalala na simu.

Afrika Mashariki

Kwa Wakenya wanaosoma au kuishi Marekani, ni vyema kufahamu sheria kabla ya kujitosa. Raia wa kigeni asiye na kibali cha ukaazi wa kudumu haruhusiwi kuchangia fedha katika kampeni ya mgombeaji yeyote. Anaweza kujitolea bila malipo, lakini hawezi kushiriki katika maamuzi ya matumizi ya fedha za kampeni. Kazi yenye malipo, ukiwemo uanagenzi, hutegemea masharti ya viza yake.

Katika eneo hili, mafunzo yenye asili ya kihafidhina si mageni kabisa. Wakfu wa Konrad Adenauer, wenye uhusiano na chama cha CDU cha Ujerumani, una afisi jijini Nairobi na umekuwa ukiandaa warsha kuhusu demokrasia na utawala wa sheria. Nchini Tanzania, chama cha upinzani cha CHADEMA kimekuwa mwanachama wa International Democracy Union, muungano wa vyama vya mrengo wa kulia ulioundwa jijini London mwaka wa 1983.

Hata hivyo, vyama vya Kenya havijawahi kujenga kitu kinachokaribia darasa la Blackwell. Wenye umri wanakumbuka vijana wa KANU waliotumiwa kuwatishia wapinzani, na Youth for KANU '92, kundi lililomwaga fedha nyingi kumtafutia Rais Daniel arap Moi ushindi hata noti ya Sh500 ikabandikwa jina la mwenyekiti wake, Cyrus Jirongo. Kundi hilo liliwatoa wanasiasa, akiwemo Rais William Ruto, lakini halikuacha shule. Uchaguzi ulipokwisha, nalo lilivunjwa.

Leo Katiba, katika kipengele cha 55, inaitaka serikali kuhakikisha kuwa vijana wanapata nafasi ya kushiriki katika siasa. Nayo Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 imetenga sehemu ya fedha ambazo vyama hupata kutoka kwa umma iwe ya kuendeleza uwakilishi wa makundi kama wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Juni 2024, maelfu ya vijana walijipanga wenyewe kupitia mitandao ya simu, bila chama wala kiongozi, na wakamfanya Rais Ruto akatae kutia sahihi Mswada wa Fedha. Walionyesha kwamba wanaweza kujaza barabara, jinsi wale wa 1962 walivyojaza ukumbi jijini New York. Swali walilojiuliza wenzao wa Marekani baada ya pigo la 1964 sasa ni lao: nani atakayeandika majina, atakayewafunza wapya kuhesabu kura, na atakayebaki kazini miaka ile mitano ambapo hakuna anayewatazama?